Ukoo Usiohesabu Mama Ni Nusu ya Ukoo



Kila mwaka, tunapoanza na wanafunzi wa darasa la tatu la humanite, tunawapa kazi moja ya historia. Kwa macho ni kazi nyepesi: andika majina ya wazazi wako, ya wazazi wao, na ya wazazi wa hao tena. Wawili, wanne, wanane. Jumla watu kumi na wanne. Tunawapa juma moja ili waulize nyumbani.

Kaye zinaporudi tunakuta jambo lile lile. Upande wa baba majina yanapanda kama ngazi. Wengine wanapita hata pale tulipowaomba, wanafika babu wa saba au wa nane. Upande wa mama karatasi ni nyeupe. Ukiuliza, majibu ni haya: "Mwalimu, ya mama sikuuliza." "Mwalimu, baba alisema haiko na maana." Mmoja aliandika, pale panapotakiwa jina la mama ya babu yake, neno moja tu: "mwanamke."

Hatucheki wanafunzi. Wameandika walivyofundishwa. Tunaogombana nao leo katika kurasa hizi ni sisi wakubwa: wazee wa ukoo, walimu, mapadri, wachungaji, machefu, na wale wote wenye diploma ambao siku hizi wanatunga "historia ya watu wetu" na kuipiga fotokopi. Tunasema wazi: ukoo unaohesabu baba tu ni nusu ya ukoo. Na hapa Ituri nusu hiyo si kosa dogo la kaye. Tumeona ikigeuzwa kuwa hati ya shamba, kisha sababu ya kumfukuza jirani, kisha sababu ya kumkata.

Kitabu kilichouliza jina la mama

Watu wengi wanafikiri ya kwamba kutafuta mababu kwa karatasi ni jambo la Wazungu. Wanasema sisi tuna midomo ya wazee, hiyo inatosha. Lakini katika kila parokia ya zamani kuna vitabu vikubwa vya ubatizo, vya ndoa na vya wafu. Kanisa Katoliki lilidai vitabu vya ubatizo na vya ndoa tangu Mtaguso wa Trento, katika karne ya 16, na wamisionari walikuja na desturi hiyo mpaka kwetu. Vikariati ya Ziwa Albert iliundwa 1933, ikawa Diosezi ya Bunia 1959. Vitabu vilikuwa vikijazwa wakati wote huo. Kwa Waprotestanti, Apolo Kivebulaya alifika Boga 1896, na wamisionari wa Africa Inland Mission waliingia upande wa Mahagi 1912. Nao waliandika majina ya watu wao, kila kanisa kwa namna yake.

Fungua kitabu cha ubatizo. Kuna namba, tarehe, jina la anayebatizwa, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi, na sahihi ya padri. Pembeni wameacha nafasi: miaka ishirini baadaye padri mwingine alirudi akaandika kipaimara na ndoa, alioa nani, wapi, lini. Mtu mmoja, mistari minne, na maisha yake karibu nzima yako pale.

Sasa angalia tofauti. Serikali ya wakoloni ilipomwandika babu yetu katika buku yake ilimwuliza: chefu wako nani, kabila gani, umelipa kodi? Katekista aliyekaa mlangoni pa kanisa, mwenye kalamu moja na wino unaokauka, alimwuliza: baba yako nani, na mama yako nani? Hatusemi ya kwamba wamisionari walikuwa malaika. Walikataza mengi yaliyokuwa mema, na majina yetu waliyaandika vibaya. Lakini swali lile la pili walilitunza, na sisi tumelitupa.

Hata mbali sana na hapa mambo ni hivyo. Peter Cameron Scott, aliyeanzisha ile Africa Inland Mission, alizaliwa Glasgow, katika nchi ya Uskoti, 1867. Katika nchi hiyo parokia ya kijiji cha Errol ina kitabu ambacho kurasa zake zinaanza 1553. Tangu 1855 serikali yao inaandikisha kila mtu, na katika cheti cha kuzaliwa wanaandika jina la mama alilokuwa nalo kabla ya kuolewa. Katika cheti cha kifo wanaandika wazazi wote wawili wa marehemu. Leo watu wa Kanada na Australia, wajukuu wa wakulima waliohama huko, wanarudi katika vijiji vile vidogo kutafuta jina la mama ya babu. Wanalipata, kwa sababu kuna mtu aliyeliandika. Kama watu ambao kwao jina la baba linapita kwa watoto wote wanahangaika kutafuta la mama, sisi ambao majina yetu hayapiti hivyo tunaliacha namna gani?

Majina yetu hayashikani mkono

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa Mskoti, ukishika jina la ukoo unalifuata kama njia mpaka kwa babu. Kwetu mtoto alipewa jina lake mwenyewe. Alizaliwa njiani, alizaliwa baada ya kifo, alizaliwa pacha, alizaliwa wakati baba anagombana na ndugu zake: jina lilisema hivyo. Baba na mwana walikuwa na majina mawili ambayo hayashikani mkono. Tena jina kama Ngabu utalipata kwa Mlendu na utalipata kwa Mhema wa kaskazini. Anayesema "nimeona jina, nimejua kabila" anajidanganya.

Halafu ikaja 1972. Mobutu alikataza majina ya Kikristo, kila mtu akatafuta jina la pili la kizaire, lile tunaloita postinome. Aliyekuwa Joseph katika kitabu cha parokia akawa mtu mwingine katika karatasi za Leta. Wengine walichukua jina la babu, wengine la rafiki, wengine la mlima. Baadaye Joseph akarudi, postinome ikabaki. Mtoto anayetafuta leo anakuta watu watatu, kumbe ni baba mmoja.

Na miaka? Wazee wetu wengi wana karatasi inayosema "amezaliwa kadiri 1932." Kadiri! Aliyeandika alimtazama usoni, akakisia. Lakini kama alibatizwa mtoto mchanga, kitabu kinajua mwezi na siku. Kwa hiyo midomo peke yake haitoshi, na karatasi peke yake haitoshi. Mzee anajua nani ni nani. Kitabu kinajua lini na wapi. Na kinachounganisha hivi viwili, mara nyingi, ni jina la mama, kwa maana Ngabu wako kumi katika kilima kimoja, lakini Ngabu wa mama huyu yuko mmoja.

Kijana mmoja na kitabu kimoja

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alituomba tumsindikize parokia moja ya kijijini. Jina la parokia na la kijana tunayaficha. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi hapa Bunia; kijiji cha wazazi wake alikijua kwa hadithi tu, na katika hadithi zile watu wa kilima cha pili walikuwa na jina moja: adui. Alitaka tarehe ya ubatizo ya babu yake, basi, kwa ajili ya kazi ya darasa.

Padri alituletea kitabu, karatasi zimekuwa za rangi ya chai, pembe moja imeliwa na mchwa. Tulitafuta karibu saa mbili. Tukampata. Jina, baba, tarehe. Na katika nafasi ya mama, jina la mwanamke, na pembeni yake mkono wa padri wa zamani umeandika kijiji alichotoka. Kilikuwa kilima cha pili.

Kijana alisoma, akasoma tena, akanyamaza. Tuliporudi kwa moto, katika vumbi, alituuliza nyuma ya mgongo: "Mwalimu, sasa mimi ni nani?" Tulimjibu vibaya. Tulimwambia: "Wewe ni mwanafunzi, soma." Aibu ya jibu lile haijatutoka mpaka leo.

Yeye alifanya vizuri kuliko sisi. Alikwenda kwa babu yake, ambaye alikuwa bado mzima, akamwuliza. Mzee hakushangaa hata kidogo. Alisema: "Sisi tulijua. Nani aliwaficha? Ni nyinyi hamukuuliza." Kisha akaanza kuhesabu: ng'ombe wangapi walitolewa, nani aliwapokea, mjomba yupi alikuja siku ya kilio kudai haki yake. Alikuwa na habari yote. Alikuwa ameishika peke yake miaka yote ya vita, na hakuna mtoto aliyemwomba.

Juu ya wale wanaosema "sisi ndio wa kwanza"

Sasa tuseme na watunga historia wetu. Tumesoma maandishi yao. Yote yanaanza namna moja: mtu mmoja mwanaume, ametoka mbali, amefika kilima, amekikuta kitupu. Amezaa mwanaume, aliyezaa mwanaume, mpaka kufika kwa mwandishi. Kwa wanaume watupu! Kama ni kweli, huo ni muujiza, na inafaa Roma ijulishwe.

Tuwaulize basi. Wahema wa kaskazini, wale wa Djugu, wanaongea Kilendu. Wahema wa kusini wanaongea Kihema, lugha jirani ya Kinyoro cha Uganda. Lugha ya Kilendu iliingia namna gani katika nyumba za Wahema wa Djugu? Haikuanguka kutoka juu. Mtoto anajifunza kusema kwa anayemnyonyesha na kwa watoto anaocheza nao. Kila asubuhi, mtu akisalimia, lugha yenyewe inatoa ushuhuda wa mama ambao maandishi yamewafuta. Na Mlendu anayesema "sisi hatuna damu ya wale", aulize binti za ukoo wake waliolewa wapi, na mali yao ililetwa kutoka kilima gani. Mahari ina kumbukumbu kuliko vitabu vyote: hakuna mzee anayesahau ng'ombe au mbuzi waliotoka na waliorudi.

Wengine wanatuonyesha karatasi ya Leta: "Tazama, imeandikwa, hii ni Walendu Pitsi, hii ni Bahema Nord." Ndiyo, imeandikwa. Ni Wabelgiji waliotaka kila kabila na chefu wake na mpaka wake, ili kodi na kazi zisimamiwe vizuri. Walibandika jina la kabila juu ya udongo, na sisi tukadhani udongo wenyewe umezaliwa na jina hilo. Lakini watu hawakuacha kuoana kwa sababu ya mpaka wa karani. Tena jina la kolektivite halijui mama ya mtu.

Ndugu zetu Waalur wana hadithi ambayo kila mtoto wa Mahagi ameisikia. Nyipir alichukua mkuki wa ndugu yake Thiful, akampiga nao tembo, tembo akaenda nao. Thiful alikataa mkuki mwingine wowote. Alitaka ule ule. Nyipir akateseka porini mpaka akaurudisha. Alirudi pia na shanga, na siku moja mtoto wa Thiful akameza shanga moja. Sasa Nyipir naye akataka ile ile, wala si nyingine. Tumbo la mtoto likapasuliwa. Ndugu wakaachana kando ya Nili, na hawakukaa pamoja tena.

Kila mmoja wao alikuwa na haki. Mkuki ulikuwa wa Thiful, shanga ilikuwa ya Nyipir. Haki zote mbili zilikuwa kamili, na mtoto alikufa. Vita iliyoanza 1999 katika Djugu na kufika Bunia hapa, mpaka majeshi ya Ulaya yakaja 2003, Umoja wa Mataifa ulikadiria iliua zaidi ya watu 50,000. Kuanzia Desemba 2017 Djugu iliwaka tena. Hatusemi ya kwamba vita ilitoka katika kaye za ukoo. Ilikuwa na dhahabu ndani yake, na mashamba, na siasa, na wakubwa wa mbali. Lakini aliyetaka kumtuma kijana na panga alimpa kwanza hadithi ya ukoo iliyokatwa nusu. Kijana anayejua jina la mama ya babu yake, na kijiji chake, ni vigumu zaidi kumtuma huko.

Wanaotupinga

Kuna wanaosema: "Mwalimu, acheni hayo. Mukichimba, mutaamsha. Amani ni kusahau." Tunawaheshimu, kwa maana wengi wao wamezika watoto. Lakini tunakataa. Hatukusahau kitu hata siku moja. Tulichosahau ni wanawake tu. Chuki tumeikumbuka vizuri sana, na tarehe zake. Anayetaka kusahau aanze na hizo.

Wengine wanasema: "Desturi yetu ni ya baba. Mtoto ni wa ukoo wa baba." Ni kweli, na hatuji kuvunja desturi. Mtoto abaki wa ukoo wa baba yake. Lakini desturi ile ile inampa mjomba kiti. Nani anakuja na kudai siku ya kilio? Nani anaogopwa akilaani? Desturi haikumsahau mama. Sisi watu wa kalamu ndio tuliomsahau, kwa sababu tuliandika haraka kile tulichoweza kukitumia.

Wa tatu hawasemi kwa sauti, lakini tunawajua: wanaogopa ya kwamba mama akiandikwa, shamba litachanganyika. Kwa hao jibu ni fupi. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Wale waliopoteza malisho na vilima vya wazee wao mbele ya mtu mwenye karatasi ya Bunia au Kinshasa hawakuokolewa na orodha ya mababu, hata ingekuwa ya watu ishirini. Haki ya shamba inafaa kutetewa kwa sheria na kwa mapatano ya vijiji. Babu asiitwe kuwa shahidi wa uongo.

Kazi iliyo mbele yetu

Hatupendi kulaumu bila kuonyesha njia. Tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji dola za mradi.

Kwanza, anza na walio hai. Keti na mzee, jioni, bila haraka. Usimwulize "kabila gani"; mwulize "mama yako aliitwa nani, alitoka wapi, nani alikula mali yake?" Utaona uso wake unavyofunguka.

Pili, nenda parokia au kanisa la zamani la kijiji, ukiwa na jina la ubatizo, jina la mama, na mwaka wa kukisia. Bila jina la mama utamchosha padri bure. Soma na pembeni, pale walipoandika ndoa. Na uwe na adabu: katika vitabu vile kuna mambo ya watu wengine, watoto wasio na baba, ndoa zilizovunjika. Chukua ya kwako, ya jirani yaache pale pale.

Tatu, tafuta karatasi za nyumbani: buku ya kazi ya babu aliyekuwa Kilo-Moto, kadi ya ubatizo, buleteni ya shule. Zimewekwa chini ya godoro au katika sanduku la bati. Kila nyumba iliyoungua iliungua na karatasi zake. Zilizobaki ni chache.

Nne, tunawaomba mapadri na wachungaji: watoeni mchwa na maji katika vitabu hivyo. Picha ya simu, ukurasa kwa ukurasa, ikitunzwa mahali pawili, inatosha kuanza. Hesabu ya watu wa nchi hii nzima ilifanywa 1984. Katika vijiji vingi kitabu cha parokia ndicho shahidi peke yake.

Tano, waandikisheni watoto wanaozaliwa leo. Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa wazazi siku 90. Na karani akiuliza jina la mama, lisemwe lote, na kijiji chake.

Mwanafunzi wetu yule alituuliza yeye ni nani, tukamjibu vibaya. Leo tukikutana naye tutamjibu hivi: wewe ni mtoto wa wale kumi na wanne, wote, wa kilima hiki na wa kilima kile, na hakuna anayeweza kukuomba uchague saba na kuwachukia saba. Mwaka huu tumewapa wanafunzi kazi ile ile. Tumeongeza sharti moja: kaye isiyo na jina la mama tutairudisha.

Wazazi, watoto watakuja kuwauliza. Tunawaomba, muwajibu.